Kocha Akae Peke Yake

Watu wa Murara wakifungwa mpira hawaendi kulala. Huenda kwa Léoncie kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kutafuta mtu wa kubeba lawama. Jumapili ile, baada ya timu yao kupigwa mabao manne na vijana wa Rutshuru, mtu alipatikana kabla chungu cha kwanza hakijafika nusu. Alikuwa kocha wao, Muzee Munyakazi.

"Muzee amechoka," alisema Édouard, karani mwenye kalamu mbili mfukoni na maneno mengi kuliko wino wake. "Mupira ya leo ni mbio. Tuko na Paulin Sikuli, moniteri, anafundisha ku shule, kijana, alijifunza mazoezi ya mwili kwa bafrère ba misheni kule Butembo. Tunangoja nini?"

"Munyakazi alifundisha mupira kwa kambi ya basoda wakati wa vita, kule Abisinia," alijibu Harelimana mchinjaji. "Wakati ule Paulin alikuwa anatembea bila kaputula."

Basi wakavaana. Hawa wakasema uzoefu, wale wakasema ujana, na kila upande ukatia chumvi mpaka mgeni angedhani wanachagua gavana. Watu hawa hawa paa zao zikivuja huvumilia msimu mzima bila kufungua kinywa.

Mmoja tu alinyamaza, Habarurema, fundi seremala. Kila mechi yeye hukaa benchi moja na muzee, mdomo karibu na sikio lake, na kwa hilo mtaa mzima ulimcheka. Walisema anampaka muzee mafuta ili siku moja airithi timu. Ukweli ulikuwa mwingine, nao ulimkaa kooni: Muzee Munyakazi alikuwa haoni. Macho yalianza kuingia ukungu mwaka aliofiwa na mkewe, na sasa alitofautisha jua na kivuli, basi. Njia za mtaa alizijua kwa miguu, lakini uwanja aliuona kwa macho ya Habarurema. "Viateur amebaki nyuma," Habarurema alinong'ona. "Arudi katikati," muzee aliamuru, na mara nyingi alipatia. Siku ya Rutshuru, Habarurema aliufuata mpira kwa macho kama mtoto, wakati hatari ilikuwa kwa wale wasio na mpira. Mabao yote manne yalikuwa yake, na alijua.

Angesema, angejiokoa na kicheko. Lakini baba yake alipofia kwenye kazi ya barabara, muzee ndiye aliyemlea yeye, na sasa mzee huyo hakuwa na mke, wala mtoto wa kuzaa. Timu ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. "Siku batu banajua," alikuwa amemwambia, "bataniweka ku kona, baseme pole, bapite." Habarurema aliapa kufunga mdomo.

"Tubajaribu bote mbili," Édouard akasema. "Jumapili tugawanye wachezaji. Kikosi kimoja cha muzee, kimoja cha Paulin. Na kila kocha akae peke yake. Habarurema asikaribie benchi, yeye ndiye anamutia muzee ujinga ku masikio."

Habarurema alimtazama Harelimana, akingoja amtetee mzee wake. Harelimana akapiga goti lake kwa furaha.

"Kabisa," alisema. "Mutoe huyu mbea pale, ndipo mutaona nguvu ya muzee." Wakacheka, wakakubaliana, na chungu kingine kikaja.

Habarurema alikwenda moja kwa moja kwa muzee. Alimsimulia yote, kisha akamsihi.

"Muzee, sema unaumwa. Sema mugongo. Ni siku moja tu."

"Halafu kesho yake?" Munyakazi aliuliza. "Nikae ku nyumba niangalie nini?"

Habarurema alihisi maji yamemfika shingoni, na si yeye aliyekuwa akizama.

"Utasimama kwa bashabiki," muzee akasema. "Wao bote banapiga kelele, na weye piga. Sauti yako ninaijua hata mu ngoma. Unitangazie mupira."

Jumapili, baada ya misa, mtaa wote ulimiminika uwanjani, ule uwanja mweusi wa mawe ya volkano ambao mtu akianguka huacha ngozi ya goti pale. Paulin alisimama upande mmoja, filimbi shingoni, kijana mtaratibu ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote. Muzee Munyakazi alikaa upande wa pili, peke yake kwenye benchi, kofia kichwani na fimbo mkononi. Alionekana mdogo sana.

Mpira ulipoanza, Habarurema alijikaza, akapaza sauti. "Viateur iko na mupira. Anapita katikati. Kushoto hakuna mutu, kushoto iko wazi."

"Viateur, kushoto," muzee aliita, fimbo juu. Viateur akautoa kushoto, mwenzake akaupokea, na muda mfupi baadaye bao likaingia. Harelimana alirukaruka kama aliyelifunga yeye. Habarurema alifuta jasho, akaendelea kutangaza, na kwa mara ya kwanza wiki ile akathubutu kutumaini.

Lakini mtu mzima anayetangaza mpira mbele ya watu wenye macho yao ni kichekesho, na Murara haijawahi kuachia kichekesho kipite. Édouard alianza kumuiga kwa sauti ya puani. "Viateur iko na mupira," akaita, na Viateur alikuwa amekaa chini anafunga kiatu. Wakacheka. Mwingine akadakia, na mwingine, na wanawake wa kwa Léoncie nao, hata nusu ya uwanja ikawa inatangaza, kila mtu mechi yake. Habarurema alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akawasihi wanyamaze, wakaona ni sehemu ya mchezo, wakazidisha. Ng'ambo alimwona muzee akigeuza kichwa huku na huku, akitafuta sauti moja katika hizo zote.

Ndipo uwanja ukalipuka. Bao. Muzee Munyakazi alisimama, akavua kofia, akapiga makofi kwa moyo wake wote, uso umejaa furaha.

Bao lilikuwa la kikosi cha Paulin.

Kwanza watu walicheka. Harelimana alimwambia jirani yake kwamba huo ndio uungwana wa wazee, kumpongeza hata adui. Lakini muzee aliingia uwanjani, mkono mbele, kwenda kumpa mfungaji hongera. Alimpita mfungaji. Akawapita wachezaji wote, mkono ukiwa bado umenyooshwa, akaenda kuusimamisha mbele ya mlingoti wa goli, akitabasamu, akingoja ushikwe.

Hakuna aliyecheka tena. Habarurema alikimbia, machozi yakimpofusha naye.

"Ni nani ameingiza?" muzee aliuliza kwa sauti ya chini alipomsikia anahema.

Habarurema alitamani kudanganya. Alifungua mdomo kabisa adanganye. "Ni wao, muzee."

Mkono ulishuka polepole. "Na nimepiga makofi."

"Ndiyo."

"Batu bote banaona?"

Habarurema aliwatazama. Édouard alikuwa ameinamisha kichwa. Harelimana ameshika tama. Paulin ameitoa filimbi mdomoni, hajui aiweke wapi. "Bote, muzee."

Muzee alivaa kofia, akainyoosha vizuri kama mtu anayekwenda kazini. Habarurema alipomshika mkono, akautoa.

"Hapana. Sitatoka hapa nimeshikwa. Weye tangulia, tangaza mupira. Nitafuata sauti."

Habarurema alitangulia. "Viateur iko na mupira," alisema, na sauti ikamkatika, akaianza upya. "Viateur anapita katikati. Anampita mutu mumoja." Nyuma yake fimbo iligonga mawe. Mashabiki walipisha njia, nao wawili wakapita katikati yao, wakashika barabara ya nyumbani.

Hawakufika mbali. Filimbi ililia, mchezo ukaanza tena, na Murara, ikiwa na kocha wake mpya, ikaanza kushangilia. Habarurema akapandisha sauti, ili muzee asiwasikie.