Nafasi Nyeupe za Rosalie

Mwaka ule majina ya ubatizo yalipokatazwa na chama tawala, Mama Célestine aliitwa asubuhi kwenye biro, ofisi ya gazeti la hadithi lililokuwa likitoa riwaya yake kipande kwa kipande. Aliziacha ndagala zake, dagaa wa ziwani, zikikauka juani, akaenda na magamba bado mikononi.

Papa Fidèle, mwenye gazeti, alikuwa ameshika kichupa cha vernisi nyekundu, ile wanayopaka juu ya stensili, karatasi ya nta ya kuchapia, kuziba kosa, ikauke, wapige herufi mpya.

"Mama, muntu wa chama anapita saa sita. Rosalie wa riwaya yako hawezi kutoka tena. Nitaweka Feza, jina zuri la kwetu."

"Na weye unaitwa nani leo?"

"Usinicheke. Hapa mimi ni Sitwayeni Lumbwe, raia Lumbwe. Nyumbani bibi yangu wa ndoa bado ananiita Fidèle, lakini polepole, asisikike nje."

Mama Célestine hakucheka. Rosalie alikuwa binti yake, aliyezama ziwani na mtumbwi wa kwenda Moba. Kwao jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa, lisipotee. Yeye umri wa kuzaa ulikwisha kupita. Ndipo akampa jina hilo msichana wa riwaya yake.

"Nikikataa?"

"Batafunga gazeti. Na sisi pia."

Gari likasimama nje. Bado saa sita haijafika! Mama Célestine akamnyang'anya kichupa, akapaka Rosalie wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Papa Fidèle akavuta mashini ya kupigia herufi apige Feza. Mama akafunika herufi kwa kiganja.

"Acha hivyo."

"Itatoka tupu, Mama!"

"Itoke tupu. Mwanangu hatabatizwa mara ya pili."

Muntu wa chama akaingia, akainua stensili kwenye dirisha, akaifuata mstari kwa mstari.

"Hapa pamezibwa nini?"

"Jina lililokatazwa, Sitwayeni," Papa Fidèle akajibu. "Tumeliondoa."

Yule akatazama tena. Jina hakuliona. Akapiga muhuri, akaenda.

Jumamosi gazeti likasomwa kwa sauti bandarini, kama kawaida. Kwenye nafasi nyeupe ya kwanza msomaji akasita. Wauza ndagala, waliomfuata msichana huyo tangu kipande cha kwanza, hawakungoja.

"Rosalie!"

Kwa nafasi ya pili Mama Célestine aliita pamoja nao. Papa Fidèle akageuka, akatazama huku na huku, kisha naye akalitaja, polepole.