Bonaventura Aitwe Jina

Mwaka ule wa 1937 bwana shauri wa Biharamulo alitangaza mashindano ya mashua: zing'oe nanga Nyamirembe jua likizama, zifike Bukoba kesho yake. Nahodha atakayeshinda atapewa kazi ya kubeba barua za serikali. Lo, mabaharia walivyochangamka!

Theonest hakuitaka kazi hiyo. Aliomba nafasi ya kuchota maji katika mashua ya nahodha Habibu kwa sababu moja tu: njia ya mashindano ilipita penye mwamba alipozama kaka yake, Bonaventura.

Pale mwaloni kwao, kwenye bandari ya wavuvi, mtu akipotea majini asionekane, msiba hauishi. Aliyekuwa naye chomboni lazima arudi pale pale, ashushe tanga, amwite mara tatu. Ndugu wa marehemu humjibia: "Nimesikia, nendeni." Hapo ndipo mama wa marehemu, anayelala chini muda wote wa msiba, anarudi kitandani. Restituta, mama yao, alikuwa amelala chini juu ya nyasi mwaka na miezi miwili sasa, na kifua kilikuwa kinammaliza.

Na aliyekuwa na Bonaventura usiku ule ni Habibu peke yake. Kila alipoombwa alijibu kuwa kwao pwani hawana mambo hayo, na kwamba alimtafuta kijana wa watu mpaka kulipokucha, afanye nini zaidi? Tangu hapo akawa anazunguka kisiwa kilicho karibu na mwamba ule kwa upande wa pili, hata upepo ukimkatalia. Mtu mzima na akili zake! Watu waliona, wakanyamaza, maana chumvi na nguo walinunua dukani kwake.

Usiku wa mashindano, saa saba, walikuwa wa kwanza. Mbalamwezi ikauonyesha mwamba, mweupe kwa mavi ya ndege. Theonest akaweka chini kata ya kuchotea maji, akashika kamba ya tanga.

"Nahodha, ni hapa."

"Napajua. Tukishusha watatupita wote."

"Watupite. Mama anakohoa damu, Nahodha. Nimekuomba kwa adabu mwaka mzima."

Habibu akageuka kutazama mashua za nyuma. Mabaharia wengine wawili wakainamisha vichwa. Mwishowe Habibu akasema, "Shusha."

Tanga likashuka. Mashua za nyuma zikawafikia, moja baada ya nyingine. "Vipi, Habibu, tuwaletee uji?" mmoja alipaza sauti, wenzake wakacheka.

Habibu akavua kofia. "Bonaventura!" Akangoja kidogo. "Bonaventura!"

Mara ya tatu hakuita. Akaketi juu ya ubao, mzee yule.

"Theonest, nilisema uongo. Sikumtafuta. Aliniita, mara nne, mara tano, kwa jina langu. Nilikuwa nimejaza pamba mpaka juu, nikaogopa nikigeuza tutapinduka. Sikushusha tanga. Nilikwenda zangu huku namsikia."

Hasira ilimpanda Theonest. Alitamani kumsukuma ziwani, naye aite mpaka achoke. Asingemjibia mtu huyu, hata kwa dawa! Lakini asipojibu, mama yake angebaki pale kwenye nyasi, na masika yalikuwa yamekaribia.

"Mwite," akasema.

"Bonaventura!"

Theonest alilia kwanza. Alilia kwa sauti, bila kuona haya, kisha akafuta uso kwa kiganja. "Nimesikia," akasema. Akautazama mwamba. "Nendeni."

Wakapandisha tanga. Walifika Bukoba wa mwisho, jua limeshapanda, na hakuna aliyewauliza kitu.

Theonest alikuwa anafunga kamba gatini Habibu alipomsogelea, kofia bado mkononi.

"Mwanangu, ulijibu. Basi umenisamehe?"

Theonest alikaza fundo mpaka likakaa.

"Nilimjibia Bonaventura," akasema. "Mimi hujaniita bado."