Tarumbeta Lenye Mdomo wa Zumari

Katika bendi yetu kuna chombo ambacho hakuna aliyekitaka, ndiyo maana nilipewa mimi. Mwili wake ni wa shaba, mpana kama tarumbeta kubwa, lakini hakipulizwi hivi hivi. Unabana midomoni vipande viwili vyembamba vya tete, kama vya zumari. Sauti yake ni ya ng'ombe mwenye mafua. Kaka yangu, mpiga ngoma kubwa, alisema, "Mmefanana. Nyote wawili hamjulikani ni kitu gani."

Niliacha shule darasa la tano, noti sizisomi. Nyimbo zote nimezishika kwa sikio. Na kwa kuwa naona haya kutazamwa, nikipuliza hufumba macho.

Jumamosi ile mwalimu wa bendi alitupanga uani kwa mazoezi ya maandamano ya kesho yake. "Wewe," akaniambia, "leo ndiyo leo. Ukiharibu, chombo kinarudi stoo, nawe unarudi kupiga pasi sare zetu."

Nilitaka kumwambia kwamba bila chombo hicho sijui nitasikika wapi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Sawa, mwalimu." Akauliza, "Umesemaje?"

Tukaanza kwenda gwaride mstarini. Nikafumba macho, nikapuliza. Raha iliyoje! Nilijisikia waziwazi, kila noti mahali pake. Ngoma ya kaka ilififia, nikadhani amechoka. Nikajisifu moyoni: kumbe mimi fundi, wote nimewafunika.

Kumbe walipofika mwisho wa ua walikuwa wamegeuka nyuma. Mimi nilinyoosha, nikatoka getini, nikavuka barabara. Nilipofumbua macho nilikuwa mlangoni kwa kinyozi, na mteja mwenye povu nusu kidevu ananikodolea.

"Dada, unamtafuta nani?" kinyozi akauliza.

Nilitamani kukimbia. Lakini nikiacha kupuliza, nimeharibu. Basi nikageuka, macho kodo, mashavu yamevimba, nikarudi na wimbo wangu. Dereva mmoja alisimamisha gari akanipigia saluti. Niliingia getini kwa mguu wa kushoto, sawasawa na ngoma, nikajipenyeza mstarini.

Wimbo ulipokwisha, kaka alikuwa ameketi chini, hoi kwa kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Hukukosa hata noti moja," alisema. "Umekosa njia tu. Kesho kwenye maandamano utakaa katikati, watu kila upande, kama mgonjwa. Unataka au hutaki?"

"Nataka!" nikasema, kwa sauti iliyonishtua hata mimi.

"Usinipigie kelele," akasema, akaenda kufunga geti.