Senti Isiyo na Tundu

Mimi ni Anaeli, mwana wa Philemoni, mwana wa Lemburis, wa Poli, kusini mwa Mlima Meru. Babu yangu ndiye aliyeitwa kuamua ugomvi wa mifereji ya maji, wala sikusikia aliyepinga hukumu yake. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na katika nyumba yake neno lilinenwa mara moja.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa ununuzi wa kahawa, na kila msimu magunia ya sarafu yalipita mikononi mwangu. Senti kumi ya siku zile ilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga katika uzi wa katani. Nilijifunza kutambua zilizokosewa kiwandani: ambayo tundu lake lilikwenda upande, ambayo taji lake lilipigwa mara mbili. Mdogo wangu Aminieli alipewa chenji sokoni Arusha, na ndani yake senti kumi isiyo na tundu kabisa. Wenye maduka waliikataa wakisema ni bandia. Niliichunguza. Katikati palikuwa na shaba ileile, bila mshono wowote.

“Ni halali,” nikamwambia. “Mtambo ndio uliosahau.”

Mama yetu, Tabitha, akacheka. “Basi imempata mwenyewe. Hata yeye hafungiki kwenye uzi.”

Vita vilipokuja, Aminieli akaingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani, senti yake mfukoni. Vita vikaisha, wenzake wakarejea. Kuhusu yeye wakubwa wa jeshi walisema tu kwamba haonekani. Mama akakataa matanga. Aliyethubutu kumpa pole alionyeshwa njia ya kutokea.

Ndipo siku moja akaja Kisioki wa Kimandolu, aliyekuwa kikosi kimoja na Aminieli. Alimkuta mama akigeuza kahawa juani. Akamwamkia, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na senti kumi isiyo na tundu.

Nilipofika kutoka kazini, ua ulikuwa umejaa wanawake na mbuzi amefungwa tayari kwa kuchinjwa. Aminieli yu hai, nikaambiwa. Yuko hospitali Nairobi, ametuma senti yake iwe ishara.

“Tabitha, punguza kelele, atakusikia huko huko Nairobi!” jirani mmoja alimtania.

“Asikie! Na aje amenyoa ndevu!”

Kisioki alikuwa amekalishwa katika kiti cha marehemu baba, maziwa mbele yake hajayagusa. Mama akaniwekea ile sarafu mkononi. “Haya karani, soma.”

Nikaielekeza kwenye mwanga. Kuzunguka katikati kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Ndani ya mstari rangi ilikuwa ya manjano, nje yake ya kahawia. Nikaiangusha juu ya jiwe, haikulia. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na watu wote walikuwa wakinitazama wakitabasamu.

“Mama, hii si yake.”

“Utajuaje wewe?”

“Hii ilizaliwa na tundu. Limezibwa.”

“Hebu acha ukarani wako leo, Anaeli!”

Nikachukua msumari, nikagonga mara moja. Kipande cha manjano kikaanguka vumbini.

Mama hakunitazama. Alimgeukia mgeni. “Kisioki, mwanangu yuko wapi?”

Kijana akasimama wima kama mbele ya afisa wake. “Mtoni, mama. Huko Bama. Maji yalimchukua tukivuka, na senti yake mfukoni.”

“Na hii?”

“Niliziba tundu lake kambini kwa kipande cha ganda la risasi. Niliona aibu kuingia kwenye nyumba ya msiba mikono mitupu. Nilikuja kukuambia, mama, haki ya Mungu. Ukapiga vigelegele kabla sijafungua mdomo. Ukaniuliza yuko wapi, nami… nikasema Nairobi.”

Mama akaokota sarafu, akaitazama. “Sasa imekuwa kama nyingine zote,” akasema. Kisha akaenda mwenyewe kumfungua yule mbuzi.

Matanga yakawekwa. Kisioki alikaa nasi hadi mwisho, akipasua kuni na kuchota maji, wala hakuna aliyemfukuza. Lakini miaka ya kungoja haikumwinamisha mama yangu. Mchana ule mmoja wa furaha ndio uliomwinamisha. Hadi anazikwa hakuniwekea tena kitu mkononi anitake nikitambue. Jambo hilo lilinichoma, na linanichoma. Hata hivyo ningeugonga ule msumari tena.

Wajukuu zangu, siwaombi, nawaagiza. Mtambo ukikosea, haujamdanganya mtu. Kisioki alikuwa na moyo mwema, na kwa moyo huo alimfisha ndugu yangu mara ya pili machoni pa mama yake. Mkitumwa kupeleka habari ya kifo, ipelekeni kama ilivyo, mikono mitupu, kabla hamjapewa kiti. Na mama wa watu akianza kushangilia, mkatizeni palepale. Msisubiri aje mwingine na msumari.