Kidole cha Kuazima

Jina la Bi Mkunjo alipewa kwa haki. Miaka thelathini na moja alikuwa akipigana na mikunjo ya nguo za watu, na yote aliyoifukuza kwenye mashati, ilipokosa pa kwenda, ilihamia usoni kwake. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena haraka, asije mtu mwingine akamtangulia.

Chumba chake cha pasi kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba tatu za kutundikia nguo, na pazia pale konani kwa mteja mwenye suruali moja na haraka nyingi. Alikuwa na mazoea yake. Kabla pasi haijashuka kwenye nguo, alilamba ncha ya kidole, akaidonoa, chss, akakiondoa. Kwa mlio ule alijua kama moto ni wa hariri au wa jinzi. Basi kidole kilijifunza somo moja tu maishani: kitu bapa kinachong'aa, donoa ukimbie. Na ngozi yake ilikuwa ngumu kama kisigino.

Ndipo binti yake, mtoto wake wa pekee, akamletea simu ya kioo. Ile ya zamani ya vitufe akaichukua.

"Hii tuwapelekee watu wa makumbusho, mama."

Bi Mkunjo alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Lakini moyoni, loo! Ile ya vitufe ukiibonyeza inabonyea, unajua imekusikia. Hii aliidonoa kama pasi, nayo ikamtazama tu, kimya kama mkwe aliyekuja kuposa. Angesemaje? Mtoto amejinyima miezi mitatu. Utamwambiaje kwamba zawadi yake ni kiziwi? Simu ikilia, alikimbilia kwa mwenye duka la jirani. "Nipokelee, mwanangu, miwani nimeiacha." Hakuwahi kuwa na miwani.

Sasa binti alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wake umeingia. Mumewe alikuwa safarini na lori, siku nne mbali. Mama na mwana waliagana hivi: uchungu ukianza, binti atapiga simu, mama atatoka alivyo.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, nyuma ya pazia alikuwa amekaa karani mmoja, amejifunga shuka, akisubiri suruali yake ya kwendea usaili wa kazi. Simu ikalia. Namba ngeni. Bi Mkunjo akaidonoa. Ikaendelea kulia. Akaidonoa tena, akaikwangua, akaisugua kwa upindo wa kanga, mpaka ikakata.

"Bi mkubwa, mbona hupokei?" karani akauliza pazia likiwa katikati yao.

"Napokea! Yeye ndiye hapokeleki!"

Alitoka mbio mpaka dukani. Kufuli. Mwenye duka amekwenda kununua mzigo. Simu ikalia tena mkononi mwake, namba ile ile. Mtu asiyekujua hakupigii mara mbili mfululizo kwa furaha. Akarudi chumbani mbio, akalikamata pazia.

"Baba, lete kidole!"

"Nini? Bi mkubwa, sijavaa!"

"Nimekuomba kidole, hayo mengine kaa nayo!"

Mkono ukachungulia pembeni ya pazia, laini, mkono wa kushika kalamu. Bi Mkunjo akakishika kidole cha shahada kama mtu anavyoshika chaki, akakiburuta juu ya kioo. Simu ikafunguka kwa adabu zote.

"Haloo! Ni mama yake dada wa ghorofa ya tatu?" Sauti ya mzee, inahema. "Mimi mlinzi wa hapa. Chupa imepasuka, mama, na uchungu umeshika. Anasema hatoki bila kusikia sauti yako."

"Mpe!"

"Mama..." Binti alikuwa analia. "Nilidhani umekasirika. Hupokei."

"Nikasirike na nani, kipenzi changu? Ingia kwenye teksi sasa hivi na huyo mlinzi. Mimi nakukuta mlangoni hospitali. Pumua. Nikikuta umejifungua bila mimi tutagombana wote watatu."

Harufu ya kuungua ikamfikia. Pasi! Alikuwa ameiacha juu ya goti la suruali, na pale gotini pamepakwa rangi ya chai. Akasimama, suruali mkononi, hajui aanze kulia lipi.

Karani akachungulia, akaona goti, akaona uso wa yule mama.

"Nenda," akasema. "Nitaimalizia mwenyewe. Nitakaa nimekunja nne, hawataliona."

Bi Mkunjo akamwachia pasi yake mtu asiyemjua, heshima ambayo hata marehemu mumewe hakuipata.

Alifika hospitali binti anashushwa. Alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha kuzalia, na saa nane mchana akaitwa bibi. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya mnada.

Wodini, binti akasema kwa aibu, "Mama, hata mimi simu yangu ilinigomea. Mikono ilikuwa imelowa, kioo kikawa kinafungua picha tu, na mimi nalia. Ikabidi nipige kelele dirishani, mlinzi akapanda na kisimu chake."

Bi Mkunjo akamtazama. Kisha akakiri yote: kudonoa, duka la jirani, miwani isiyokuwepo.

"Miezi yote hiyo! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umejinyima, mwanangu. Niliipenda zawadi. Yeye ndiye hakunipenda."

Wakacheka mpaka nesi akaja kuwauliza kama wanajua mna wagonjwa humu.

Keshokutwa yake Bi Mkunjo alikwenda getini kwa yule mlinzi, na furushi la kitambaa kwapani. Akaomba kukiona kisimu. Betri imefungwa kwa mpira, namba zote zimefutika isipokuwa tano. Akabonyeza kitufe kimoja. Kikasema tip. Macho yakamjaa maji.

"Ahsante," akakiambia.

"Unaishukuru simu, mama?"

"Imetangulia tu. Wewe nakuja kwako." Akafungua kitambaa, akatoa shati la marehemu mumewe. "Ingia kibandani, uvae hili. Hilo la kazi nipe."

"La nini?"

"Kola yako imelala, mzee wangu, na mtu aliyenipandia ngazi za ghorofa tatu hatembei na kola iliyolala."

Mlinzi akacheka, akaingia kibandani. Jioni shati lilirudi limetiwa wanga, mikono ina mstari wa kukatia karatasi. Na kila Jumatatu tangu hapo Bi Mkunjo hulichukua mwenyewe, kwa miguu, na ole wake anayemwambia amtume mtu.