Kipanya cha Mwalimu

Kidole gumba cha mkono wa kushoto kiliviringisha gololi ya bluu mgongoni mwa kipanya, na mshale kwenye kioo cha kompyuta haukujongea. Mwalimu akaviringisha tena, safari hii taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyenuna. Mshale ulikuwa umetulia tuli katikati ya kioo, kama nzi aliyefia dirishani.

"Hakinisikii," alisema.

Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkoba begani, tayari kwenda kazini.

"Ni mfumo mpya, Baba. Havijazoeana bado."

"Na ule wa zamani mbona kilikuwa kimezoeana nao?"

"Ule ulikuwa umechoka."

"Hata mimi nimechoka. Mbona hujanibadilisha?"

Mwalimu akacheka utani wake mwenyewe, upande mmoja wa mdomo ukipanda na mwingine ukibaki palepale. Binti naye akacheka, kicheko kifupi kisichofika machoni, akambusu utosini na kutoka. Ngazini alisimama. Alikijua vizuri kilichokiziba kipanya kile masikio. Aliweza kukizibua kabla chai haijapoa.

Maisha yake yote mzee huyu alifundisha kwaya, na hata watu ambao hakuwafundisha walimwita Mwalimu. Kisha kiharusi kikamwangusha mbele ya waimbaji wake, katikati ya wimbo, na alipoinuliwa mkono wa kulia haukuinuka naye. Tangu hapo ulining'inia ubavuni kama mkono wa shati lililosahauliwa kwenye kamba. Binti, ambaye hakuwa na mume wala mtoto wa kumkataza, alimleta kwake, akampa chumba chenye dirisha kubwa, na akamtafutia kipanya kisicho na waya, kinene, chenye gololi mgongoni. Hakikuhitaji kusukumwa mezani kama vipanya vingine. Kilikaa mahali pamoja, kidole kimoja kikaviringisha gololi, na mshale ukaenda ulikotumwa.

Kwa kidole hicho kimoja Mwalimu alianza upya. Alikuwa na programu ya kuandikia muziki, na kila siku alipandisha noti mojamoja kwenye mistari, kama mtu anayeanika dagaa mmojammoja. Alikuwa akitunga wimbo wa sauti nne kwa ajili ya kwaya yake ya zamani, wauimbe watakapofungua ukumbi wao mpya. Siku nyingine jioni ilimkuta ameandika kipande cha kuimbwa kwa pumzi moja tu. Hakulalamika. Alikula kwa hamu, akalala akiguna wimbo puani. Binti alipomsikia akiguna hivyo kupitia ukutani, alijiambia kwamba kumbe anajua kumtunza mtu.

Na kweli alijua kutunza, hasa mashine. Katika kampuni ya kusafirisha mizigo alikofanya kazi, yeye ndiye aliyesimamia kompyuta zote, na wenzake walimsifu kwa mkono mwepesi. Kompyuta ya baba yake ilikuwa ikijikokota, ikichukua muda mrefu kuamka kuliko mwenyewe, na mfumo wake ulikuwa wa kale, mlango wazi kwa kila kirusi kipitacho. Jumamosi moja, baba akiwa ameenda kwenye mazoezi ya mkono, binti aliketi, akanakili picha na nyaraka kwenye flashi, akafuta kila kitu na kuweka mfumo mwingine, mpya na mwepesi. Hakumuuliza. Kumuuliza Baba maana yake ilikuwa kusubiri jibu, na siku hizi jibu la Baba lilikuja polepole, kila neno likipapasa kutafuta mlango.

Kipanya ndicho kilichogoma. Mwanzoni alihangaika nacho kwa moyo safi. Alibadilisha betri, akazima bluetooth na kuiwasha, akaisogeza kompyuta mbali na redio. Kisha akaelewa: kipanya kilikuwa bado kinautafuta mfumo wa zamani, ule uliokwisha kufutwa, na hakikuwa tayari kuusikiliza mwingine. Kilihitaji kusahaulishwa. Palikuwa na kitufe kidogo tumboni mwake, cha kubonyezwa na kushikiliwa mpaka taa imulike, kisha kitambulishwe upya kama mgeni. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe hicho alipowazia kwanza amfungulie Baba wimbo wake, ili akirudi aukute umekaa kwenye kioo unamsubiri. Akatoa mkobani kipanya chake mwenyewe cha waya, akachomeka, akaingia kwenye folda.

Picha zilikuwepo. Nyaraka zilikuwepo. Wimbo haukuwepo.

Alitafuta kwa jina, akatafuta kwa tarehe, akatafuta folda kwa folda. Ndipo akakumbuka lililompasa kukumbuka mapema: ile programu ya muziki ilihifadhi kazi zake yenyewe, ndani kabisa ya mfumo, si pale watu wanapoweka vitu vyao. Alikuwa ameokoa vyombo vya sebuleni na kuichoma nyumba ikiwa na mtu ndani.

Wiki iliyofuata aliichomoa diski, akaenda nayo kazini na kuikamua kwa kila programu ya kurejesha vilivyofutwa. Vilirudi majina tu. Wimbo, sauti ya kwanza. Wimbo, sauti ya tatu, nimesahihisha. Wimbo, mwisho, bado. Kila alipofungua jina, ndani hapakuwa na kitu, maganda ya karanga bila karanga. Akairudisha diski mahali pake, na Baba alipouliza kama kipanya kimepona, alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, "Bado, Baba. Kinasumbua."

Neno hilo lilitoka laini mno. Uongo wa kwanza una mwiba. Unaoufuata hutelezea damu ya ule wa kwanza. Kila jioni alikaa karibu na baba yake, akakipindua kipanya, akakipiga kibao kidogo, akasoma maelezo kwenye simu kwa sauti na kutikisa kichwa. Akaongopa kwamba kampuni iliyotengeneza kipanya itatoa marekebisho. Akaongopa kwamba ameagiza kifaa fulani. Na mzee, ambaye maishani alitambua sauti moja iliyopotoka kati ya arobaini, alimsikiliza na kusema, "Pole, mwanangu. Unahangaika kwa ajili yangu." Usiku wa maneno hayo binti hakulala.

Mchana mmoja wa Jumapili alikuja Besi. Ndilo jina aliloitwa na kila mtu, kwa sababu ya sauti yake iliyotikisa vikombe kabatini. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu tangu ndevu hazijamwota, na sasa ndiye aliyeiongoza kwaya. Alikaa ukingoni mwa kochi, akauliza habari za mkono, habari za dawa, kisha akalifikia lililomleta.

"Mwalimu, ukumbi umekwisha. Wamebakiza kupaka rangi. Watu wananiuliza, wimbo uko wapi?"

"Wimbo upo," Mwalimu alisema. "Umebaki mkia tu. Kipanya ndicho kinaumwa."

"Kipanya tu?" Besi akaangua kicheko, vikombe vikaitikia. "Basi hilo dogo. Kesho nakuja na kompyuta yangu na kipanya changu. Tunauhamisha, mkia tunaumalizia pamoja. Au vipi, dada?"

Binti alikuwa mlangoni na sinia. Alisema, "Sawa, kaka," na kuliweka sinia mezani.

Besi alipoondoka, Mwalimu alirudi chumbani mezani kwake, na binti akamfuata. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya meza. Hakukaa. Alikichukua kipanya, akakipindua, akabonyeza kitufe cha tumboni na kukishikilia. Taa ndogo ikaanza kumulika. Akagusa kibodi mara chache, akakirudisha kipanya chini ya mkono wa kushoto wa baba yake.

"Jaribu."

Kidole gumba kikaviringisha. Mshale ukaruka, ukavuka kioo, ukarudi. Uso wa Mwalimu ukafunguka, hata ule upande uliokufa ulionekana kutaka kufunguka. Kisha, taratibu, ukafungika.

"Kumbe ni kubonyeza tu?"

"Ni kubonyeza tu, Baba."

"Na siku zote hizi?"

Mwalimu hakungoja jibu. Alikwisha kuupeleka mshale, akifungua hapa na kufunga pale, mkono ukizidi kwenda haraka, kama mtu anayejipapasa mifukoni sokoni. Binti alitamani apige kelele. Alitamani kioo kizimike. Alisimama tu akimtazama baba yake akitafuta mahali ambapo yeye alikwisha kutafuta.

"Niliufuta," alisema hatimaye. "Nilipobadilisha mfumo. Sikujua ulikuwa humo."

Mzee akauondoa mkono juu ya kipanya na kuuweka mapajani, kando ya ule mwingine.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Siku ileile," Mwalimu alirudia, kwa namna aliyozoea kurudia noti aliyoimbiwa vibaya, ili mwimbaji aisikie mwenyewe.

Binti akapiga magoti kando ya kiti. Maneno yakamtoka kwa vurugu: kwamba anajua kuandika muziki kidogo, kwamba Baba amwimbie tu, sauti moja baada ya nyingine, naye ataandika yote, hata kama ni usiku kucha, hata kama ni mwezi mzima.

"Nikuimbie nini?" Mwalimu aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Kichwa changu tangu niugue ni gunia lililotoboka, mama. Ninachokitia asubuhi jioni sikikuti. Mwanzo wenyewe wa wimbo nilikuwa nausoma kila siku kama kazi ya mtu mwingine. Unadhani kwa nini niliandika?"

Akageuza uso dirishani.

"Kufuta, watu hufuta. Mkono huteleza. Lakini ulikaa hapa, jioni baada ya jioni, ukinipigia kipanya makofi."

Besi alitimiza ahadi. Siku ya pili alikuja na kompyuta kwapani na kipanya mfukoni. Binti, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Usiku uliotangulia alipanga maneno atakayomwambia Besi, akayasafisha, akayapanga upya. Alijifuta mikono, akatoka. Lakini baba yake alikuwa amemtangulia kusema.

"Usihangaike na hiyo mashine, kijana wangu. Ule wimbo nimeutupa."

"Umeutupa?"

"Haukuwa kitu. Niliusoma nikaona ni uzee tu unaojisifu. Imbeni ule wa zamani, mnaoujua."

Besi akaitazama kompyuta yake mapajani kana kwamba yeye ndiye aliyekosea kuileta. "Mwalimu, lakini ulisema umebaki mkia…"

"Nilisema."

"Si kweli," binti alianza, "kaka, si kweli, mimi…"

Mwalimu akainua mkono wa kushoto, vidole vikafungwa hewani. Ndivyo alivyokata sauti za kwaya nzima kwa miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuimba baada ya mkono ule. Hata Besi alijikuta amefunga mdomo. Binti akabaki amesimama katikati ya sebule, na aliposikia tena sauti ya mtu ilikuwa ya Besi akiaga kwa adabu, akiahidi kupita siku nyingine. Wote watatu walijua hatapita karibuni.

Jioni ile mzee alikula kidogo, akashukuru kwa chakula kama anavyoshukuru mgeni.

Asubuhi, binti alipoingia kumvisha, alimkuta amekwisha kukaa kitandani, shati mwilini, akipambana na vifungo kwa mkono mmoja. Alimsogelea kwa mazoea, mikono mbele.

"Acha," Mwalimu alisema.

Akaacha. Akarudi hatua moja, akaegemea kabati. Vidole vya kushoto vilikamata kifungo, vikakipoteza, vikakikamata. Nje magari yalipiga honi, watu wakienda makazini. Simu ikatetemeka mkobani mwake, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Hakuitoa. Mzee alifika kifungo cha mwisho akihema, kijasho kimemtoka kwenye paji la uso, akauvuta ukosi na kuinua macho kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Liko sawa?"

Shati lilikuwa limekwenda upande, ukosi umepanda huku na kushuka kule. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi pia kuinama, kulirekebisha kwa dakika moja na kuondoka.

"Hapana, Baba," alisema. "Umeruka kifungo. Cha pili kutoka juu."

Mwalimu alimtazama kama anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kufungua, kimoja baada ya kingine, kutoka chini. Binti akauweka mkoba sakafuni, akavuta kiti, akakaa.