Nyanya za Mama na Chumvi ya Haluli

Miguu yangu ndiyo iliyonifunza kuiamini chumvi ya haluli, ile ya duka la dawa. Msusi husimama kutwa. Jioni vifundo vimevimba utadhani nimeazima miguu ya mtu. Nikiiloweka kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi hiyo, narudishiwa yangu. Kisha majani ya mawaridi ya mlangoni pa saluni yakawa manjano. Nikayapa kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji, yakarudi kijani. Basi nikajifanya mganga.

Dada yangu mkubwa alikuwa akienda kumwangalia binti yake aliyejifungua, wiki sita. Akaniachia makopo manane yenye miche ya nyanya iliyoanza kuchanua, barazani kwake. Mbegu zilikuwa za marehemu mama, na ndizo za mwisho. Bahasha ilibaki tupu.

"Mdogo wangu, hizi hazitaki vituko. Maji kila asubuhi, basi. Zikiiva nitatoa mbegu."

"Dada, nimelea waume wawili, nitashindwa na nyanya?"

"Na wako wapi hao waume?"

Wateja walipozidi, siku nyingine nilisahau maji, siku nyingine nikamwaga ya siku tatu kwa mkupuo. Nyanya mbili zikaanza kuoza kitako, doa jeusi kama limechomwa na pasi. Nikazipa kijiko cha chumvi. Zikawa tano. Nikazipa vijiko vitatu. Jioni hiyo dada akapiga simu.

"Nyanya zangu hazijambo?"

"Zimenenepa kuliko mjukuu wako."

Alicheka sana, na kicheko kile kikanifunga mdomo. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli, nikaipitisha. Zilipoanza kuwa nyekundu, karibu zote zilikuwa na vitako vyeusi. Aibu ikanishika. Nikang'oa miche yote, nikaitia kwenye gunia la taka pamoja na matunda yake, nikasugua makopo na kupanda miche ya kununua.

Dada alirudi Ijumaa. Kabla hajatua mkoba alisugua jani kwa vidole, akanusa.

"Hizi si za mama."

Nikamweleza yote, hadi idadi ya vijiko.

"Chumvi yako inafaa mawaridi," alisema. "Nyanya ikioza kitako imekosa chokaa, kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Ukiishindilia chumvi ile, hata chokaa iliyopo kwenye udongo haiifikii."

"Nisamehe, dada. Nimekuulia mbegu za mama."

"Hukuziua. Kinachooza ni kitako tu, mbegu za juu huwa nzima. Ungeziacha ziive. Umezitupa lini?"

"Jumatatu."

"Na gari la taka?"

"Lilipita Jumanne."

Akaketi kwenye ngazi, mkoba mapajani. Mimi, ambaye hata msibani watu hunikalia mbali nisije nikawachekesha, niliketi ngazi ya chini yake bila mzaha wowote.

"Angalau ulionja moja?"

Ulimi uliniwasha kusema ndiyo. Lakini uongo nilikuwa nimeshasema wa kutosha.

"Hapana, dada."

Aliyatazama yale makopo niliyoyasugua yakang'aa.

"Mama angekulazimisha uonje," alisema, akanyanyuka, akaingia ndani.